Sura ya Kumi na Moja: Kitenzi *tendrá* cha Kihispania na Maana za Kiambishi *-ta-*

Mwaka fulani, tulipokuwa tukisahihisha mtihani wa sarufi wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, tulifikia swali ambalo tulikuwa tumelitunga sisi wenyewe: "Onyesha kosa la njeo katika kila sentensi." Sentensi ya tatu ilikuwa hii: *Juma hayupo darasani sasa, atakuwa mgonjwa.* Tulitarajia wanafunzi waseme kwamba neno *sasa* haliafikiani na kiambishi *-ta-*, kwa kuwa *-ta-* ni cha wakati ujao. Mwanafunzi mmoja aliandika kwa wino, bila kufutafuta: "Sentensi hii haina kosa." Tulimkosesha. Alipokuja ofisini kuuliza, hatukuwa na jibu isipokuwa kumfungulia kitabu cha sarufi mahali palipoandikwa kwamba *-ta-* huonyesha tendo litakalofanyika baadaye. Alishukuru kwa adabu akaondoka, lakini uso wake ulionyesha wazi kwamba hakuridhika.

Jibu tulilipata miaka kadhaa baadaye, tena mahali ambapo hatukulitazamia. Tulikuwa tukijifunza Kihispania madarasa ya jioni. Mwalimu aliandika ubaoni sentensi fupi kuhusu mtoto aliyekuwa akipita nje ya dirisha: *Tendrá diez años.* Tulitafsiri neno kwa neno: "Atakuwa na miaka kumi." Mwalimu akauliza: "Lini?" Tukajibu kwamba ni siku zijazo, kwa sababu kitenzi kiko katika njeo ijayo. Hapo ndipo alipoeleza kwamba mtoto huyo ana miaka kumi leo hii, au karibu na kumi, na kwamba msemaji anakisia tu. Tuliitazama tena tafsiri yetu: *Mtoto yule atakuwa na miaka kumi.* Tungeyasema maneno hayo hayo kwa Kiswahili, na kwa maana hiyo hiyo, bila hata kufikiri. Mwanafunzi wetu alikuwa sahihi. Wakati huo alikuwa amekwisha kuhitimu, na alama yake haikurudi.

Msomaji anaweza kujiuliza Kihispania kinatafuta nini katika kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Tunaweza kumjibu kwamba Kihispania na Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Umoja wa Afrika, na kwamba Guinea ya Ikweta, nchi ya bara letu, hutumia Kihispania katika shughuli za serikali na shuleni. Sababu yetu hasa, hata hivyo, ni ya kisarufi. Mtu aliyezoea lugha yake huizungumza bila kuona jinsi inavyofanya kazi. Akikutana na lugha nyingine inayofanya jambo lile lile kwa umbo lisilofanana na la kwao, huanza kuliona. Kitenzi *tendrá* kinafaa kazi hiyo kuliko vingine vingi, na ndicho tutakachokichunguza katika sura hii.

Umbo la kitenzi

Kitenzi-jina chake ni *tener*, yaani "kuwa na". Katika njeo ijayo hunyambuliwa hivi kwa nafsi zote:

*tendré* – nitakuwa na
*tendrás* – utakuwa na
*tendrá* – atakuwa na
*tendremos* – tutakuwa na
*tendréis* – mtakuwa na
*tendrán* – watakuwa na

Ni vyema kutambua mambo mawili kuhusu nafsi. Kwanza, *tendrá* haibagui mwanamume na mwanamke, kama vile kiambishi *a-* cha Kiswahili kisivyobagua. Pili, Mhispania anapomwambia mtu maneno ya heshima hutumia neno *usted*, nalo huchukua kitenzi cha nafsi ya tatu. Kwa hiyo *usted tendrá* hutafsiriwa "utakuwa na", si "atakuwa na". Wazungumzaji wa Amerika ya Kusini na ya Kati hutumia *ustedes tendrán* wanaposema na watu wengi, wawe wakubwa au wadogo. *Tendréis* husikika zaidi nchini Hispania.

Kwa kawaida, njeo ijayo ya Kihispania hupatikana kwa kuongeza viambishi tamati mwishoni mwa kitenzi-jina kizima: *hablar* (kusema) hutoa *hablará* (atasema). Kwa kanuni hiyo tungetazamia *\*tenerá*. Lakini irabu *e* ya katikati ilidondoka, *n* na *r* zikakutana, na sauti *d* ikaingia kati yao. Vitenzi *venir* (kuja) na *poner* (kuweka) vilipita njia hiyo hiyo, navyo hutoa *vendrá* na *pondrá*. Anayefundisha ngeli ya *N-* hatashangaa. Kivumishi *-refu* kinapopata *n-* hatusemi *\*nrefu* bali *ndefu*. *Ulimi* katika wingi huwa *ndimi*. Kanuni si moja, kwa kuwa katika *ndefu* sauti *r* yenyewe imegeuka *d*, ilhali katika *tendrá* imebaki. Hata hivyo ulimi wa binadamu unaopata taabu ni ule ule.

Mkazo nao usipuuzwe. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mwanafunzi wetu husoma *TEN-dra* kwa mazoea hayo. Katika Kihispania mkazo wa neno hili uko mwishoni, na alama iliyo juu ya *á* imewekwa kuonyesha hivyo. Ukikosea mkazo katika kitenzi kama *hablará*, unapata *hablara*, umbo jingine kabisa linalotumika katika masharti na matakwa. Sisi wenyewe tuna *barabara* ya kupita magari na *barabara* yenye maana ya "sawasawa", ambazo hutofautishwa kwa mkazo peke yake. Tofauti ni kwamba maandishi yetu hayauonyeshi.

Asili ya umbo la Kihispania na ya *-ta-*

Viambishi tamati *-é, -ás, -á, -emos, -éis, -án* vina historia inayompendeza mwalimu yeyote wa Kiswahili. Ni mabaki ya kitenzi *haber*, ambacho zamani kilikuwa na maana ya "kuwa na". Watu wa kale walisema kwa Kilatini "kuimba ninako", wakiwa na maana kwamba wana kazi ya kuimba mbele yao. Polepole maneno mawili yakashikana yakawa neno moja, *cantaré*. Katika Kihispania cha karne za kati mshikamano huo ulikuwa bado haujakaza, kwa hiyo kiwakilishi kiliweza kukaa katikati: *dar te he*, yaani "nitakupa", ambayo leo ni *te daré*. Basi *tendrá*, ukiichambua kihistoria, ina "kuwa na" mara mbili: moja katika shina na moja katika tamati.

Kiswahili kilianzia kwingine. Wanaisimu hueleza kwamba *-ta-* imetokana na kitenzi *-taka*. Ushahidi wake unaonekana wazi katika vitenzi vyenye kirejeshi: twasema *atakuja*, lakini *mgeni atakayekuja*, *nitafika*, lakini *nitakapofika*. Silabi *-ka-* iliyopotea hurudi mara tu *o*-rejeshi inapoingia. Mwalimu anayewalazimisha wanafunzi kukariri *-taka-* kama "umbo la pekee" bila kuwaonyesha jambo hili anawanyima maelezo mepesi kabisa.

Kwa hiyo lugha moja iliutoa wakati ujao katika kumiliki, nyingine ikautoa katika kutaka. Hakuna hata moja iliyoanza na kiambishi cha wakati mtupu. Tukiyakumbuka hayo, hatutashangaa kuona viambishi hivyo vikifanya kazi nyingine zisizo za wakati.

Maana iliyo wazi

Matumizi ya kwanza hayana ugumu:

(1) *Mañana tendrá dinero.* – Kesho atakuwa na fedha.
(2) *Mañana no tendrá dinero.* – Kesho hatakuwa na fedha.
(3) *¿El libro? Lo tendrá mañana.* – Kitabu? Atakuwa nacho kesho.

Katika (3), *lo* na *-cho* zote hurejelea kitabu, ila Kihispania huweka kiwakilishi mbele ya kitenzi na Kiswahili hukibandika kwenye *na*. Msomaji aangalie pia kwamba Kiswahili hakina kitenzi katika *ana fedha*: pana kiambishi cha nafsi na neno *na* tu. Wakati ujao ndio unaotulazimisha kuleta kitenzi *-wa* ili *-ta-* ipate mahali pa kukaa. Kihispania hakina shida hiyo, kwani *tiene* na *tendrá* ni kitenzi kimoja.

Lugha hizi mbili hukutana pia katika mambo ambayo watu husema "wanayo". Mhispania ana miaka ishirini kama sisi, ana njaa (*tiene hambre*), ana kiu (*tiene sed*), ana usingizi (*tiene sueño*) na ana hofu (*tiene miedo*). Wanafunzi wa Rwanda, Burundi na Kongo waliopitia Kifaransa watakuwa wameizoea njia hii.

Yapo mafungu mawili ya maneno ambayo yasitafsiriwe kwa "kuwa na". La kwanza ni *tendrá que*, linaloonyesha ulazima: *Tendrá que esperar* ni "Itambidi asubiri" au "Atalazimika kusubiri". La pili ni *tendrá lugar*, la lugha ya matangazo: *La reunión tendrá lugar en Malabo* ni "Mkutano utafanyika Malabo".

Kukisia jambo la sasa

Sasa tuje kwenye kiini cha sura hii. Tazama mifano ifuatayo:

(4) *El niño llora, tendrá hambre.* – Mtoto analia. Atakuwa na njaa.
(5) *Ese hombre tendrá unos sesenta años.* – Mzee yule atakuwa na miaka sitini hivi.
(6) *Llaman a la puerta, será Juma.* – Mlango unabishwa, atakuwa Juma.

Katika (4) mtoto analia sasa, na njaa, kama ipo, ipo sasa. Msemaji haoni njaa, anaona machozi. Kutokana na machozi anahitimisha kwamba kuna njaa. Katika (5) anaona mvi na mwendo, na katika (6) anasikia hodi. *Tendrá* na *atakuwa* haziisogezi hali mbele katika wakati. Zinasema kwamba msemaji hana hakika kamili, ila ana dalili. Neno *unos* katika (5) na neno *hivi* katika tafsiri yake huikazia maana hiyo.

Nguvu ya kisio hili iko katikati. Anayesema *ana njaa* amethibitisha. Anayesema *huenda ana njaa* ametoa uwezekano tu, na haulizwi dalili. Anayesema *atakuwa na njaa* amepima dalili akafikia uamuzi wake. Ndiyo maana mtu hawezi kukisia jambo analolijua. Mama akiulizwa umri wa mwanawe wa kumzaa, akajibu "atakuwa na miaka mitano", muulizaji atamtazama mara mbili. Kipimo hiki huwasaidia sana wanafunzi: mpe msemaji ujuzi kamili wa jambo, na kisio litakataa kukaa.

Lugha zote mbili zina umbo la kukisia tendo lililokwisha: *Habrá llegado* ni "Atakuwa amefika". Kiswahili kinaongeza njia nyingine, ya kuliacha neno *itakuwa* lisimame peke yake mbele ya sentensi: *Itakuwa amesahau, itakuwa walikosana.* Hapa *itakuwa* haipatani na nomino yoyote. Inafanya kazi ya kielezi kizima. Kihispania, kikitaka kukisia hali iliyopita, hubadili umbo la kitenzi na kutumia lile la sharti: *Tendría diez años entonces*, "Itakuwa alikuwa na miaka kumi wakati ule". Kwa maoni yetu njia ya Kiswahili ni nyepesi zaidi, maana *itakuwa* huweza kutangulia njeo yoyote bila kuigusa.

Swali hubaki: msikilizaji atajuaje kama *tendrá* ni ya wakati ujao au ya kukisia? Mara nyingi hujua kwa kielezi cha wakati (*mañana*, *ahora*) au kwa muktadha. Zipo sentensi ambazo hazijulikani zikitengwa peke yake:

(7) *María tendrá hijos.*

Sentensi hii inaweza kuwa utabiri kwamba María atazaa, au kisio kwamba anao watoto tayari. *María atakuwa na watoto* ina utata ule ule. Ila Mswahili anayetaka kuondoa utata ana kitenzi kingine mkononi, *atapata watoto*, na kwa utabiri hicho ndicho hukichagua. Jambo hili ni la jumla: vitenzi vya hali, kama *kuwa*, *kuwa na* na *kujua*, hupokea kisio kwa urahisi. Vitenzi vya tendo hubaki na wakati ujao. *Atalima shamba* haiwezi kuwa kisio la sasa. Tukitaka kukisia tunasema *atakuwa analima shamba*.

Mahali ambapo lugha hizi huachana

Mfanano huu usitupumbaze. Baada ya *si*, yaani "kama" ya sharti, Kihispania hakikubali njeo ijayo:

(8) *Si tiene dinero, comprará la casa.* – Akiwa na fedha, atanunua nyumba.

Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili cha kila siku, "kama atakuwa na fedha", ataandika *\*si tendrá dinero*, na atakuwa amekosea. Umbo hilo huruhusiwa tu pale *si* inapokuwa ya kuuliza: *No sé si tendrá dinero*, "Sijui kama atakuwa na fedha". Hapa Kiswahili kinatupa kipimo kizuri. Jaribu kuibadili *kama* kwa *-ki-*. Ikikubali, kama katika (8), ni sharti. Ikikataa, ni swali, kwa kuwa hakuna asemaye *\*sijui akiwa na fedha* kwa maana hiyo.

Baada ya *cuando* (wakati ambapo) tofauti ni kubwa zaidi. Kihispania hutaka umbo la matilaba: *cuando tenga dinero*. Kiswahili hutaka *-taka-* yenye kirejeshi: *atakapokuwa na fedha*. Kwa Mhispania, jambo ambalo halijatokea bado ni la kutamaniwa tu na halistahili njeo ya kutangaza. Kwa Mswahili, limekwisha kupangiwa wakati wake.

Kihispania pia hutumia *tendrá* kukubali hoja kabla ya kuipinga: *Tendrá mucho dinero, pero no es feliz.* Tunaweza kusema "Fedha atakuwa nazo, lakini furaha hana", ingawa katika maandishi rasmi tungependelea "Hata kama ana fedha nyingi, hana furaha".

Darasani

Wanafunzi wa Kiswahili katika nchi zetu huja na mifumo tofauti ya wakati ujao. Msemaji wa Luganda hutofautisha *nnaagenda*, ya karibu, na *ndigenda*, ya mbali. Hutafuta tofauti hiyo katika *nitakwenda* asiione. Msemaji wa Kinyarwanda ana *nzagenda*. Hatushauri kuanza somo kwa fasili ya *-ta-*. Tunashauri mwalimu aanze na kiti kilicho wazi. Aulize darasa: "Fulani yuko wapi?" Wanafunzi watajibu: atakuwa nyumbani, atakuwa amechelewa, atakuwa na homa. Majibu hayo yaandikwe ubaoni yote, kisha aulize swali tuliloulizwa sisi jioni ile: "Lini?"

Fasili ije baada ya hapo, nayo iwe pana kuliko ile tuliyomfungulia mwanafunzi wetu: *-ta-* huonyesha jambo ambalo msemaji hajalithibitisha kwa macho, ama kwa sababu halijatokea, ama kwa sababu limefichika kwake. Mwanafunzi akiandika *sasa* pamoja na *-ta-*, mwalimu asikimbilie kalamu nyekundu. Kwanza aulize dalili iko wapi.

Zoezi

1. Eleza kama *-ta-* katika kila sentensi ni ya wakati ujao, ya kukisia, au ina utata: (a) Chakula kitakuwa kimepoa. (b) Mwakani atakuwa na gari. (c) Wale watakuwa wageni wa mkuu wa chuo. (d) Shangazi atakuwa na habari hizo.

2. Tafsiri kwa Kiswahili, kisha utaje dalili ambayo msemaji anaweza kuwa nayo: (a) *Tendrá sueño.* (b) *Tendrá que volver mañana.* (c) *No sé si tendrán hambre.* Katika (a) na (c), *tendrá* au *tendrán* huweza kuwa na maana gani mbili?

3. Kwa nini *atakayekuwa* ina *-ka-* ilhali *atakuwa* haina kabla ya *-ku-*? Toa mifano mingine miwili kutoka maandishi ya wanafunzi wako.

4. Chukua mtihani mmoja wa njeo uliotumika katika shule unayofanyia mazoezi ya kufundisha. Tafuta sentensi zenye *-ta-* zilizohesabiwa kuwa kosa, na uamue upya ni zipi zilizostahili alama.